Kitabu Hakiwekwi Akiba

Kila mwaka masomo ya vyuo yanapofunguka hapa Likasi, wazazi huketi na kupiga hesabu. Ada ya masomo iko mbele, kisha chumba, kisha chakula, kisha nauli kwa wale wanaosomea Lubumbashi, mwendo wa kilomita kama 120. Vitabu hufika mwisho wa karatasi, na hapo fedha zimekwisha. Basi kijana huambiwa: "Utaazima kwa wenzako." Naye akifika kwa wenzake, anakuta nao wameambiwa vile vile.

Sisi tuandikao haya ni katekista. Tulikaa miaka kadhaa seminarini kabla ya kuijua njia yetu kuwa ile ya ndoa, na kazi yetu yatuingiza katika nyumba nyingi: za wafanyakazi wa viwanda vya Shituru na Panda, za wachimbaji wadogo, za akina mama wanaouza makala na mboga. Katika nyumba hizo tumeona jambo la kushangaza. Nyumba moja inalia kwa kukosa kitabu, na katika nyumba ya tatu kutoka pale kitabu kile kile kimelala ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda. Hakuna anayekisoma, hakuna anayekiuza. Wenyewe wanasema wanakiweka akiba.

Wazee walisema kwamba akiba haiozi. Neno hilo ni kweli kwa fedha, na hata kwa mahindi kama ghala ni kavu. Kwa kitabu cha masomo si kweli. Kitabu cha masomo huoza kwa njia mbili: karatasi yake huliwa na unyevu na mchwa, na maneno yake hupitwa na wakati. Kwa hiyo tumeona yafaa kuandika juu ya kununua na kuuza vitabu vilivyokwisha kutumika, maana hapo pana fedha nyingi zinazopotea bila mtu kuziona.

Kwanza tuulize: bei ya kitabu ni nini? Wengi watajibu kwamba ni fedha unazomkabidhi mwuzaji. Jibu hilo ni nusu tu. Bei ya kweli ni fedha ulizolipa, ukiondoa zile utakazopata siku ya kukiuza. Tuchukue mfano. Tuseme kitabu kipya cha hesabu kinauzwa dola 30. Mwanafunzi wa kwanza anakinunua, anakifunika vizuri, na mwisho wa mwaka anakiuza dola 20. Kimemgharimu dola 10. Wa pili anakinunua dola 20, anakiuza 14, kimemgharimu 6. Wa tatu anakinunua 14, anakiuza 10, kimemgharimu 4. Wa nne anakinunua 10, anakiuza 6. Naye kimemgharimu 4. Wa tano anakinunua 6, anakaa nacho mpaka kinachakaa. Jumlisheni: 10 na 6 na 4 na 4 na 6 ni 30. Watu watano wamegawana mzigo wa mtu mmoja. Kama kila mmoja angenunua kipya na kukifungia sandukuni, wote pamoja wangetoa dola 150.

Ukishika hesabu hiyo utaona kwamba kitabu cha bei ndogo si lazima kiwe rahisi. Kitabu kilichochanika, cha dola 8, ambacho hakuna atakayekitaka baada yako, kimekugharimu 8. Kitabu safi cha dola 12, utakachokiuza 9, kimekugharimu 3. Hesabu ni hiyo hiyo kwa fotokopi. Tuseme kitabu kina kurasa 300, na kila ukurasa ni franka 100: utatoa franka 30,000, na mwisho wa mwaka hakuna anayetaka kununua karatasi zako zilizofungwa kwa uzi. Tena mwandishi wa kitabu hakupata kitu. Kunakili kurasa 5 za zoezi ni msaada. Kunakili kitabu kizima mara nyingi ni hasara inayofanana na akiba.

Lakini sababu inayofanya vitabu vilale masandukuni si ujinga wa hesabu. Sababu iko moyoni, na tulielewa hivyo miaka michache iliyopita.

Mama mmoja mjane alitujia jioni akasema: "Mwalimu, unajua mtu wa kununua mashini yangu ya kushona?"

Tukamwuliza: "Mama, mashini ikienda, nyumbani mtakula nini?"

Akajibu: "Binti yangu ameingia mwaka wa pili wa uuguzi. Wamemwambia atafute vitabu vitatu. Mwaka jana aliazima-azima, akabaki na mitihani miwili. Sitaki aanguke tena."

Tulimwomba asubiri siku tatu. Tulikumbuka kwamba katika mtaa ule ule kulikuwa na kijana aliyemaliza uuguzi mwaka uliotangulia. Tukaenda kwao. Kijana mwenyewe alikubali upesi, maana alikuwa hajapata kazi na fedha zilimfaa. Baba yake ndiye aliyekataa. Alikuwa mzee aliyefanya kazi Gécamines zamani, na mshahara ulipokuwa haufiki aliuza baiskeli yake ili mtoto asome. Alituambia: "Katekista, vitabu vile ni jasho langu. Siku nitakapokufa, watu wakifungua sanduku lile wataona kwamba mtoto wangu alisoma."

Maneno kama hayo hayajibiwi kwa hesabu ya dola. Tulinyamaza. Kijana akasema kwa heshima: "Baba, diploma iko ukutani, kila mtu anaiona." Mzee hakujibu, lakini aliagiza sanduku litolewe, nadhani ili tuone mali yake. Lilipovutwa tuliona udongo mwekundu chini yake. Mchwa walikuwa wamepita penye kutu. Kitabu cha chini kabisa kilikuwa kimeliwa katikati, kikabaki jalada na kingo za kurasa kama fremu ya dirisha. Mzee alikishika kitabu kile muda mrefu. Kisha akasema: "Chukueni hivi viwili, kabla navyo havijaliwa."

Yule mama alilipa kidogo kuliko nusu ya bei ya vitabu vipya, tena kwa mafungu mawili. Kitabu cha tatu tulikipata kwa mwuzaji wa vitabu vya mitumba Lubumbashi. Mashini ya kushona haikuuzwa. Binti alipita mwaka ule, naye akaviuza vitabu vyote vitatu kwa msichana aliyemfuata. Mzee alikataa kukitupa kile kilicholiwa na mchwa. Alikirudisha sandukuni, na hatukumlaumu.

Wako watu wanaoona haya kununua kitabu chenye jina la mwingine, kama vile wamevaa koti lililokatwa kwa ajili ya jirani. Sisi hatukulelewa hivyo. Seminarini majina yaliandikwa katika ukurasa wa kwanza, moja chini ya jingine. Kitabu kimoja cha mantiki tulichosomea kilikuwa na majina saba. Letu likawa la nane. Pembeni palikuwa na maelezo ya penseli ya wale waliotutangulia, na mara nyingine maelezo yale yalitusaidia kuliko maneno ya kitabu chenyewe.

Desturi hii ni ya zamani sana. Katika karne ya 13, vyuo vikuu vya kwanza vya Ulaya vilipokuwa vichanga, kitabu kiliandikwa kwa mkono juu ya ngozi, na bei yake ilikuwa kubwa. Huko Bologna na Paris wauza-vitabu walikuwa chini ya amri ya chuo. Waliwakodisha wanafunzi kitabu kwa vipande vidogo vidogo, ili wanakili kipande kimoja, wakirudishe na kuchukua kingine, na bei ya kukodi ilipangwa. Mwaka 1275 Chuo Kikuu cha Paris kilitoa sheria juu ya vitabu vinavyoletwa kuuzwa: mwuza-vitabu asikinunue yeye mwenyewe kabla ya kukionyesha wazi kwa mwezi mzima, na malipo yake yasipite dinari 4 katika kila paundi, yaani sehemu moja katika 60. Sababu yake yaeleweka. Mwanafunzi mwenye njaa hukubali bei yoyote, na mfanyabiashara ajuaye hivyo aweza kumnyonya mara mbili: siku anapouza na siku anaponunua.

Mtakatifu Toma wa Akwino, aliyekuwa mwalimu katika chuo kile kile na kufariki mwaka 1274, aliandika juu ya haki katika biashara. Alifundisha kwamba mwuzaji apaswa kueleza kasoro iliyofichika, kama kasoro hiyo yaweza kumletea mnunuzi hasara. Kwa kijana wa leo maana yake ni hii: kama sura ya mwisho imeng'oka, sema kabla ya kupokea fedha.

Sasa tuangalie maadui wa kitabu kilichotumika. Adui wa kwanza, mchwa, tumekwisha kumtaja. Adui wa pili ni mkubwa zaidi, naye ni kila mpango unaofanya kitabu cha jana kisiwe na kazi leo.

Huko Marekani jambo hili lilifika hata mahakamani. Kijana mmoja wa Thailand, Supap Kirtsaeng, alikwenda kusoma Marekani mwaka 1997. Akaona kwamba vitabu vya chuo vilivyochapwa kwa ajili ya Asia viliuzwa kwao kwa bei ndogo, ingawa masomo yaliyomo yalikuwa karibu sawa na yale ya vitabu vya Marekani. Aliwaomba ndugu na rafiki zake wamnunulie na kumtumia, naye akaviuza Marekani. Kampuni ya John Wiley & Sons ilimshtaki mwaka 2008, na mahakama ya kwanza ikamwamuru alipe dola 600,000 kwa ajili ya vitabu vinane. Kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi ile. Tarehe 19 Machi 2013 majaji 6 dhidi ya 3 walimpa haki Kirtsaeng: mtu aliyenunua kitabu halali, hata kama kilichapwa nchi nyingine, aweza kukiuza tena bila kumwomba ruhusa aliyekichapa.

Hukumu ile ilikilinda kitabu kilichotumika, lakini haikuwazuia wachapaji kukigeuza. Wengine hutoa chapa mpya kila baada ya miaka michache, kurasa zikahamishwa na mazoezi yakapewa namba nyingine. Wengine huuza pamoja na kitabu namba ya siri ya kufungulia mazoezi katika intaneti, na namba hiyo hutumika mara moja tu. Kitabu waweza kukiuza. Kilichotiwa ndani hakiuziki tena.

Sisi huku Kongo hatuna namba za siri, lakini tuna silabusi, yaani maelezo ya somo aliyoyapiga chapa mwalimu. Silabusi yenyewe ni kitu chema, maana mwanafunzi asiyeweza kupata kitabu kutoka Ulaya hupata angalau kurasa mia za somo lake. Shida huanza pale silabusi inapogeuzwa kuwa kodi. Kijana mmoja wa parokia yetu alipata silabusi ya mwaka uliotangulia kwa dada yake. Maneno yalikuwa yale yale, ukurasa kwa ukurasa. Mwaka tu ndio uliobadilishwa kwenye jalada. Hata hivyo aliambiwa kwamba majina ya walionunua yameandikwa, na asiyekuwa katika orodha ajihadhari siku ya mtihani. Akanunua. Silabusi ya dada yake ikawa karatasi ya kufungia karanga. Twaona kwamba orodha ile na namba ya siri ya Marekani ni ndugu wa baba mmoja: zote mbili zinalazimisha kila mtu alipe upya kitu ambacho mwenzake amekwisha kukilipia. Tunajua kwamba mishahara ya walimu ni midogo, tena huchelewa. Lakini mzigo wa mwalimu asiyelipwa vema hauwezi kuwekwa juu ya kichwa cha mtoto wa mwuza-makala. Wazazi na wajumbe wa wanafunzi waseme jambo hilo kwa adabu, wakiwa pamoja, maana mwanafunzi akisema peke yake ataonekana mkaidi.

Yako pia mabadiliko ya haki, nayo mnunuzi hana budi kuyajua. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 vyuo vyetu vimeingia katika mpango wa LMD: lisanse ni miaka 3 na masta miaka 2, ambapo zamani gradua ilikuwa miaka 3 na lisanse miaka 2. Masomo mengine yamehamishwa au kugawanywa. Kwa hiyo usinunue maelezo ya mpango wa zamani kabla ya kuuliza.

Mwangalie pia umri wa kitabu. Hesabu haizeeki upesi, wala mifupa ya mwili wa binadamu haijabadilika. Kitabu cha miaka 20 chaweza kukufaa. Sheria ni kitu kingine. Hapa tunaishi juu ya shaba na kobalti, na wengi husoma sheria ya migodi. Sheria ile ya mwaka 2002 ilirekebishwa mwaka 2018. Kitabu cha kabla ya hapo kitakupa majibu yasiyo sahihi juu ya kodi za migodi. Sheria ya jamaa nayo ilirekebishwa mwaka 2016. Katika jiografia kipimo ni rahisi. Kitabu kikiuita mji wetu Jadotville, ni cha kabla ya mwaka 1966. Kikiiita nchi Zaire, kiliandikwa kati ya 1971 na 1997. Kikisema kwamba Likasi iko katika mkoa wa Katanga, ni cha kabla ya mwaka 2015, maana ndipo Katanga ilipogawanywa kuwa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika. Vitabu hivyo vyafaa kwa historia. Kwa mtihani wa leo uwe na hadhari.

Tukusanye basi mashauri machache.

Kabla ya kununua, mwulize aliyepita mwaka jana ni kitabu gani kilichotumika kweli. Orodha ya mwalimu yaweza kuwa na vitabu 10, na wanafunzi wakafungua 2 tu. Tafuta mwuzaji katika majuma ya kwanza baada ya matokeo kutangazwa, maana wakati ule wauzaji ni wengi na wanunuzi ni wachache. Ukingoja mpaka masomo yafunguke, mambo hugeuka. Shika kitabu mkononi, hesabu kurasa, angalia mwaka wa chapa, chungulia mazoezi kama hayakujazwa kwa wino. Ukimaliza kukinunua kifunike kwa karatasi ngumu au plastiki, andika kwa penseli, na wakati wa masika kiweke juu, mbali na ukuta na sakafu.

Wakati wa kuuza usichelewe. Kitabu ulichomaliza nacho mwezi wa saba kina bei nzuri mwaka ule ule. Mwaka wa tatu utakigawa bure. Bei uipime kwa mwuzaji na mnunuzi wote wawili: nusu ya bei ya kipya, kwa kitabu kizima, ni neno ambalo halimwaibishi yeyote. Na uandike katika daftari ulichonunua na ulichouza, maana mali bila daftari huisha bila habari.

Katika parokia yetu vijana wameanza jambo dogo. Jumapili moja baada ya matokeo huweka meza mbili nje ya ukumbi. Kila mwenye kitabu hukileta na karatasi yenye bei yake na kasoro zake. Vijana hawanunui chochote kwa ajili ya faida. Kazi yao ni kuonyesha, kuandika na kukabidhi fedha. Mwaka wa kwanza vililetwa vitabu 14, na 9 vikauzwa. Si vingi. Lakini tisa wale wangenunua vipya, au wangekaa bila kitu.

Ewe mzazi, mtoto wako akimaliza masomo, mwache achague kitabu kimoja anachokipenda, akae nacho maisha yake yote. Mwache aandike jina lake ndani na tarehe ya diploma, ili wajukuu wakione. Vile vingine avitoe sandukuni mwezi ule ule. Na kabla ya kupiga hesabu ya mwaka ujao, pita kwanza kwa jirani yako uulize vitabu vilivyo chini ya kitanda chake.